Kalenda ya mafunzo huanzia kwenye rosta

Kila ifikapo mwezi wa nne nabandika karatasi ya manila nyuma ya mlango wa ofisi yetu ndogo ya wodi ya wazazi na kuigawa vyumba 12. Chumba cha kwanza ni Julai, cha mwisho Juni, kwa kuwa mwaka wetu unafuata mwaka wa fedha wa serikali. Makadirio huwa nimeshayapeleka tangu Januari, na ikifika Aprili najua nimepewa nini na nimekatwa nini. Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya huku Kusini mwa Tanzania. Uratibu wa mafunzo kazini niliongezewa miaka sita iliyopita kwa barua ya mistari minne, na barua haikusema unafanywaje.

Kalenda yangu ya kwanza ilipendeza machoni. Ilikuwa na semina tisa, kila moja siku mbili au tatu, ukumbi wa mjini, mwezeshaji kutoka mkoani, chai, chakula cha mchana, posho. Niliichapa kwa rangi, mganga mfawidhi akaisaini, ikagongwa muhuri na kubandikwa. Semina saba kati ya tisa zilifanyika, na wakati wa ukaguzi nilisifiwa. Vyeti tulivitoa vingi hadi vingine vikakosa fremu.

Halafu ukaja usiku mmoja wa kuamkia Jumapili, miezi mitano baada ya semina ya kumsaidia mtoto mchanga apumue.

Leba tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa kitanda cha pili namshona mama, mwenzangu anazalisha kitanda cha kwanza. Mtoto alitoka amelegea, hana sauti. Sista aliyempokea ni kijana, mchapakazi, na kwenye ile semina alikaa mstari wa mbele na kujibu maswali kuliko wote. Alimkausha, akamsugua mgongo. Mpaka hapo sawa. Kisha akashika kifyonzaji akaanza kufyonza mdomo, akaenda pua, akarudi mdomo, akarudi pua. Kilichonishtua ni ule ukimya. Nikamwambia, “Mpe hewa.” Akachukua ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpa mtoto hewa, akaweka barakoa, akabonyeza, na hewa yote ikatokea pembeni ya shavu, unaisikia kabisa, psss, psss, kifua kimetulia vilevile. Niliacha uzi unaning'inia, nikabadilisha glovu, nikaja. Nikakiinua kidevu kidogo, kichwa kikakaa kama cha mtu anayenusa kitu, nikaibana barakoa kwa vidole viwili juu na vitatu chini ya taya. Kifua kikapanda. Pumzi ya nane au ya tisa mtoto akakunja uso, akalia.

Nilipotazama saa ya ukutani zilikuwa zimepita karibu dakika tatu. Tunayofundishwa tuiite dakika ya dhahabu ni moja: ndani yake mtoto awe amepumua mwenyewe au awe anapewa hewa.

Asubuhi, tukiwa tunaandika ripoti, yule sista aliniambia, “Dada, nilikuwa najua. Nilijua kila kitu. Mikono ndiyo ilisahau.”

Cheti chake nilikisaini mimi. Nilikwenda nyumbani sikulala. Sikuwa na la kumlaumu. Nilijiuliza tu, kwenye ile kalenda yangu ya rangi, ni mahali gani nilipanga mikono ya yule binti irudie kazi ile baada ya semina kwisha? Hapakuwapo.

Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba swali hili lilikwishaulizwa na kujibiwa humu humu nchini, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilaya ya Mbulu mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto apumue. Walipopimwa kwa mdoli miezi saba baadaye, waliofaulu jaribio la kumhuisha mtoto walikuwa asilimia 74, kutoka asilimia 18 kabla ya mafunzo. Ukiishia hapo unaandika ripoti nzuri na unapongezwa. Lakini wale watafiti waliingia leba kutazama yanayofanyika kwa watoto wenyewe, wakakuta huduma haijabadilika na vifo havijapungua. Ujuzi ulikuwa umeishia kwenye mdoli.

Basi Haydom wakabadili mpango. Kuanzia 2011 wakaweka zoezi fupi la dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale wodini, na kipindi cha dakika 40 mara moja kwa mwezi. Mdoli ukakaa karibu na leba, si stoo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hospitali ni ileile, na somo ni lilelile. Kilichobadilika ni jinsi lilivyopangwa kwenye mwaka. Nikiwaeleza waratibu wenzangu hadithi hii huwa nawaomba wairudie kichwani taratibu, maana hiyo ndiyo kazi yetu yote: sisi hatufundishi, tunapanga, na kupanga peke yake kunaweza kumuua au kumwokoa mtoto.

Tangu hapo kalenda naianza na rosta. Kabla sijaandika somo lolote naomba kwa matroni rosta za miezi mitatu, nazitandaza mezani. Wodi yangu ina wauguzi na wakunga 14. Ukitoa walio likizo, walio mapumziko baada ya zamu ya usiku, na mmoja au wawili walioazimwa wodi nyingine, waliopo kwa wakati mmoja hawafiki watano. Ukiwapeleka watatu mjini semina siku mbili, wanaobaki hawapumui. Na yule aliyetoka zamu ya usiku ukamketisha ukumbini saa tatu asubuhi, atasaini mahudhurio, kisha macho yatafumba. Nimewaona. Nimekuwa mmoja wao.

Lakini rosta hiyohiyo inakuonyesha mwanya. Saa moja na nusu asubuhi, watu wa usiku wanapokabidhi na wa asubuhi wanapopokea, ndiyo nafasi pekee ambayo zamu mbili zinakutana zikiwa zimesimama pamoja. Hapo ndipo nilipoweka dakika zangu tano, Jumanne na Ijumaa, mara baada ya ripoti. Siku mbili kwa sababu aliyekuwa mapumziko Jumanne nampata Ijumaa, na rosta inavyozunguka, ndani ya wiki mbili sijamkosa mtu. Pembeni ya manila nimeandika majina 14. Kila anayebonyeza ambu kwa mikono yake mwenyewe anawekewa tiki. Aliyesimama nyuma akitazama hawekewi. Ninachohesabu siku hizi ni majina, semina ngapi zimefanyika sina haja nazo.

Mdoli wetu ni ule wa kujaza maji. Ukiujaza maji ya uvuguvugu unalegea na kuwa na uzito wa mtoto, kitovu unakipa mapigo kwa kubonyeza kipira, kifua hakipandi mpaka kichwa kikae sawasawa na barakoa ikaze. Haudanganyiki. Mtu anaweza kukueleza hatua zote kwa mdomo, mdoli ukakataa kupumua. Wiki za mwanzo watu walikuwa wanacheka wakishindwa. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kung'ang'ania, “Ngoja, ngoja nirudie.” Hapo nilijua tumefika mahali.

Masomo ya mwaka nayatoa wapi? Zamani nilikuwa nagawa karatasi: unahitaji mafunzo gani? Majibu yalikuja na majina ya miji. Siku hizi naanza na kitabu cha MTUHA cha leba, yaani rejista ya serikali ya takwimu za huduma, na mihtasari ya vikao vya mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Nakaa na vitabu hivyo siku nzima, peke yangu, na huwa ni siku nzito, kwa kuwa mistari ile naikumbuka sura zake. Mwaka mmoja niliona patografu nyingi, zile chati za kufuatilia uchungu wa mama, zimejazwa vizuri mpaka saa ya nne kisha zikakatika, na karibu zote zilikatika zamu ya jioni. Hilo halihitaji semina ya patografu. Wanajua kuijaza. Nilipokwenda kukaa jioni nikaona anayejaza ndiye huyohuyo anayekwenda maabara kufuata damu na ndiye anayepokea wagonjwa mlangoni. Tulichobadilisha ni mgawanyo wa kazi, na somo nililokuwa nimeliandikia bajeti nikalifuta. Mratibu asiyekuwa tayari kufuta somo atawapeleka watu darasani kutibiwa ugonjwa ambao si wao.

Baada ya rosta na vitabu, naandika kwa kalamu nyekundu siku ambazo si zangu. Kila wilaya ina zake. Za huku kwetu zinaanza na korosho: minada ikifunguliwa Oktoba, wafanyakazi wenye mashamba wanaomba likizo zao za siku 28 kwa mkupuo, na siwalaumu, hiyo ndiyo ada ya watoto ya mwaka mzima. Novemba mvua zinaanza, barabara za vijijini zinakatika, wahudumu wa zahanati hawafiki. Kuanzia Januari wodi ya watoto inajaa malaria, na kumtoa nesi pale ni dhambi. Juni na Desemba kuna matone ya vitamini A, Aprili kuna wiki ya chanjo, wiki ya kwanza ya Agosti ni ya unyonyeshaji. Kati ya Aprili na Oktoba 14 Mwenge wa Uhuru utapita, na siku utakapolala wilayani kwetu hakuna atakayekuja kwenye mafunzo yoyote. Kwa hiyo tarehe ikishatoka nairudia karatasi yote. Mwishoni mwa Juni malipo yanafungwa, kwa hiyo chochote kinachohitaji hundi kiwe kimekwisha Mei.

Na kuna Ramadhani, ambayo mratibu wa Pwani akiinakili kalenda ya mwaka jana itamwumbua. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwaka 2023 mfungo ulianza mwishoni mwa Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, na sasa umeingia Februari. Watu wangu wengi wanafunga. Mazoezi ya asubuhi hayana shida, mtu ametoka kula daku, ana nguvu. Vile vipindi vya dakika 40 vya mchana ndivyo ninavyovihamisha, au naviacha kabisa mwezi ule na kufidia baada ya Idi. Mwaka niliosahau, niliwaweka watu saa nane mchana kwenye chumba kisicho na feni wakijifunza kuchanganya magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Hawakulalamika. Ila mahesabu yalikosewa na karibu kila mtu, na kosa lilikuwa la aliyepanga.

Likizo za uzazi nazo nazipanga mapema. Zamani niliona aibu kumuuliza mwenzangu mimba ina miezi mingapi kwa ajili ya kalenda. Sasa wananiambia wenyewe. Siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, ni muda mrefu wa mikono kukaa bila ambu. Akirudi, wiki yake ya kwanza jina lake linakuwa juu kwenye orodha.

Nataka niseme la posho, maana bila hilo makala hii itakuwa nusu. Dakika tano za baada ya ripoti hazina posho. Mwanzoni walikuwapo walioona ninawanyima haki, nikaitwa ofisini kuulizwa. Mshahara wa nesi tunaujua. Mtu anayetegemea semina mbili kwa mwaka kulipia kodi ya chumba hana tamaa, ana hesabu. Kwa hiyo sikuwahi kuhubiri juu ya moyo wa kujitolea. Nilifanya mambo niliyoweza. Kwanza niliapa kwamba tano ni tano, anayetoka usiku asikae hata dakika ya sita, na nilinunua saa ya jikoni inayolia ili niwe mkweli. Pili nilifuatilia mpaka vile vipindi vya kila mwezi vikahesabiwa kwenye pointi za mafunzo endelevu, kwa kuwa leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haihuishwi bila pointi, na zamani watu walikuwa wanazitafuta kwa nauli yao. Tatu, pesa kidogo iliyobaki baada ya kufuta semina za ukumbini ilinunua chai na chapati za kipindi cha mwezi. Chapati za moto. Wodi nzima inajua ni Alhamisi ya ngapi.

Semina za nje hazijafutwa zote. Zipo mbili tu kwa mwaka, kwa mambo ambayo kweli hatuna mtu wa kuyafundisha hapa, na anayekwenda anajua kabla hajapanda basi kwamba Jumanne ya kwanza akirudi ni yake kufundisha.

Mahali ambapo bado moyo unaniuma ni kwa watu ambao kalenda nyingi haziwajui kabisa. Wahudumu wa usafi wetu ndio wanaochanganya dawa ya kutakasia vyombo, na kwa miaka hakuna aliyewafundisha. Mama mmoja ambaye amefanya usafi leba miaka mingi kuliko mimi nilivyofanya ukunga, nilimkuta akimimina Jik kwa kukadiria harufu. Nikamwuliza anajuaje imetosha. “Ikiniwasha macho, mwanangu, imetosha.” Tulikaa chini naye kwa kopo la maziwa: Jik ya asilimia 3.5, kopo moja, maji makopo sita, unapata asilimia 0.5. Kopo moja, sita. Alirudia mara mbili akaenda kuwafundisha wenzake, na kopo lile amelifunga kamba kwenye ndoo mpaka leo. Ilichukua chini ya robo saa, na haikuwa imepangwa popote.

Na walinzi. Mama anayefika usiku na bodaboda akiwa anavuja damu, mtu wa kwanza kumwona ni mlinzi wa getini. Mwaka jana nimewaandikia vipindi viwili: namna ya kumshusha mama na kumlaza kwenye machela, na kupiga filimbi mara tatu kuita leba badala ya kumwacha peke yake na kukimbia ndani. Mzee wetu wa getini alikuja amevaa sare kamili, na kofia, akakaa mbele. Aliniambia kazi hii ameifanya miaka 19 na hajawahi kuitwa kwenye mafunzo.

Jambo la mwisho ninaloliandika kwenye manila ni utupu. Kila robo mwaka naacha wiki mbili hazina kitu, na nazilinda. Machi 2023 Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, waliugua watu tisa, sita wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwamo miongoni mwa walioambukizwa. Kagera na huku kwetu ni pembe mbili za nchi zinazotazamana, lakini hospitali yoyote yenye mlango ilipaswa kujua kuvaa na kuvua vifaa kinga, na hasa kuvua, kwa kuwa katika kuvua ndipo watu wanapojiambukiza. Wiki tupu ndizo zilizobeba mafunzo yale. Bila hizo ningelazimika kung'oa kitu, na kinachong'olewa huwa ni mdoli, kwa sababu hauna mwezeshaji wa kumpigia simu kumwomba radhi.

Miezi miwili baadaye yakaja mazuri, nayo yakahitaji nafasi. Mei 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Mama akishajifungua anawekewa shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo, damu inaonekana ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho, na ikifika kiwango hatua zote za matibabu zinafuatana papo hapo bila kusubiri moja ishindwe ndipo ije nyingine. Kutokwa damu kwa hatari na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Nilisoma nikasimama. Tumezoea kukisia, na jicho la mkunga, hata mzoefu, linaona damu pungufu ya ilivyo. Tulipoanza zoezi lake wodini tulimwaga maji yenye rangi kwenye kitenge, kila mtu akaandika makisio yake kwenye kikaratasi, kisha tukapima. Mimi nilikisia nusu.

Manila ya mwaka huu iko mlangoni tangu juzi. Nyekundu zimeshawekwa isipokuwa Mwenge. Majina sasa ni 15, amekuja kijana wa ajira mpya, bado anawaita watu wote “madam”. Mazoezi ya Jumanne siyaongozi tena mimi. Anayaongoza yule sista wa usiku ule, na ana utaratibu wake ambao sikumfundisha: kabla ya kusema neno lolote anamkabidhi mtu ambu, anageuza saa, ananyamaza. Leo asubuhi alimkabidhi yule kijana mpya. Pumzi tatu za kwanza zilitokea pembeni, psss, na sista hakusema kitu, alimwinua kidogo kiwiko tu. Ya nne kifua kilipanda. Nikaenda kuweka tiki.